Mabenchi ya Kanisa: Mambo ya Kuangalia Kabla Hamjatoa Advansi

Kamati ya ujenzi ikifika karakanani kwangu, swali la kwanza huwa bei ya benchi moja. La pili huja na simu: mmoja anatoa picha ya kanisa la Dar es Salaam au la Ulaya, mabenchi yanang'aa, anauliza kama naweza kutoa kitu kama kile. Naweza. Ila kabla sijataja bei huwa nauliza ya kwangu. Ibada yenu ya kawaida inachukua saa ngapi? Mnapiga magoti mlipokaa au mnakwenda madhabahuni? Sakafu ni saruji au vigae? Wazee wangapi wanakuja na fimbo? Siku ya msiba mabenchi yanabaki kanisani au yanabebwa kwenda kwa mfiwa? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayochagua benchi. Picha inachagua rangi tu.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Moshi, na ni mzee wa kanisa katika usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku mlimani. Nimetengenezea mabenchi Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na Wasabato. Kote huko ushauri wangu ni mmoja: msitoe oda ya mabenchi yote kabla benchi moja halijakaliwa kanisani kwenu ibada nzima, na watu wenu wenyewe, hasa bibi zetu. Hilo nitalieleza kwa urefu chini. Kwanza tupime ukumbi.

Anzeni na njia, mabenchi baadaye

Pigeni hesabu ya Jumapili ya kawaida, si ya Krismasi. Huku Kilimanjaro kila mtu anajua Desemba ilivyo: watoto wanarudi nyumbani kutoka Dar, Arusha, Mwanza na hata ng'ambo, na ibada ya tarehe 25 watu wanajaa hadi nje chini ya miparachichi. Kamati ikitaka kila mmoja wa siku ile apate benchi, italazimika kubana mistari, na waumini watakaa mwaka mzima magoti yamegusa mbao kwa ajili ya siku mbili tatu. Wekeni mabenchi ya Jumapili za Mei na Agosti. Za Krismasi na Pasaka zitafutieni viti vya plastiki na turubai.

Tuseme kanisa lenu lina upana wa futi 30 na urefu wa futi 60 kwa ndani, ukiacha madhabahu. Njia ya kati iwe futi 5. Sababu yake ni jeneza. Jeneza linabebwa na watu sita, watatu kila upande, na mabega ya wabebaji yanataka nafasi yake. Kwenye njia ya futi 3 na nusu bibi harusi na baba yake watapita wakibanana, lakini wabeba jeneza watakwenda kwa ubavu huku wakigonga mabenchi, na wafiwa wanatazama. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikuta, kwa sababu lilikuwa la kuzuilika kwa chaki na futi kamba. Kisha acheni futi 3 kila upande karibu na ukuta, ili mama mwenye mtoto anayelia aweze kutoka bila kuinua watu watano.

Futi 30 ukitoa 11 zinabaki 19, yaani 9 na nusu kila upande. Hapo panaingia benchi la futi 9. Mtu mzima aliyevaa koti, au mama aliyevaa gauni la kitenge lenye mikono mipana, anahitaji inchi 18 kwa uchache. Futi 9 ni inchi 108, kwa hiyo ni watu 6. Msiandike 7. Mkiandika 7, Jumapili mtakuta wamekaa 6 na wa saba amesimama mlangoni, maana hakuna mtu anayependa kuwaambia wenzake wasogee mara ya tatu.

Sasa urefu. Acheni futi 12 mbele, kwa ajili ya wanaopiga magoti kwenye Meza ya Bwana, watoto wa kipaimara, maharusi, na ndizi na mahindi ya sikukuu ya mavuno. Acheni 6 nyuma mlangoni. Zinabaki 42. Kutoka mgongo wa benchi moja hadi mgongo wa linalofuata ziwe inchi 36. Mnapata mistari 14, watu 12 kila mstari, jumla 168. Daima kuna mjumbe atakayesema tukishuka hadi inchi 30 tunapata mistari 16, watu 192. Ni kweli, mmeongeza watu 24. Lakini kwa inchi 30 mtu mrefu hakai, anajipachika. Hakuna anayepita bila mstari mzima kusimama, na wazee wanaposimama kwa wimbo wanabaki wameinama wakishikilia benchi la mbele. Inchi 33 nitakubali kama kiwanja chenu ni kidogo. Chini ya hapo nawashauri muanzishe ibada ya pili asubuhi.

Kwa Wakatoliki na Waanglikana, ambao hupiga magoti palepale walipokaa, inchi 36 ni chache. Fikirieni 38 hadi 40, kwa sababu ubao wa magoti unakula nafasi ya miguu. Nitarudi kwenye ubao huo.

Kabla ya kuagiza chochote, chukueni chaki mchore mistari yote sakafuni, kisha watu sita waingie kanisani wamebeba ubao wenye ukubwa wa jeneza. Ni kazi ya nusu saa na haina gharama. Kama kanisa bado lina vumbi la ujenzi, tumieni kamba na vijiti.

Benchi, plastiki, au kiti cha sponji

Kanisa linaloabudu kwa kucheza na kuzunguka, na ukumbi wake Jumatatu unakuwa semina na Ijumaa mkesha, linahitaji viti vinavyohamishika. Mabenchi mazito yatawasumbua. Kanisa linaloimba limesimama na kukaa, lenye familia zinazokaa pamoja, watoto katikati, kwake benchi halina mpinzani. Kwenye benchi mtoto analala mapajani kwa mama yake, miguu ipo kwa bibi. Familia ya watu saba wembamba inaingia, na ya watu watano wanene inaingia. Kiti hakina ukarimu huo.

Kiti cha plastiki ni msaada mkubwa kwa kanisa changa na mimi sikidharau. Chagueni kwa kukikalia na kuegemea kwa nguvu: miguu ya nyuma ikitanuka, msichukue. Kwenye vigae kiti chepesi huteleza, hasa kwa mtu mzima anayeshuka taratibu akitafuta kiti kwa mkono. Mmeona wenyewe kwenye misiba, mtu mwenye mwili mkubwa anapangiwa viti viwili kimoja juu ya kingine. Hiyo ni dalili kwamba kiti kimoja hakimtoshi, na hapaswi kuonewa aibu mbele ya watu. Vihifadhiwe ndani. Jua ndilo linaloua plastiki: inapauka, inakuwa ngumu, siku moja inapasuka na mtu juu yake.

Viti vya chuma vyenye sponji vinavutia macho, na kwa ibada ndefu mwili unavifurahia miezi ya mwanzo. Ulizeni kwanza sponji ni ya namna gani: bonyezeni kwa ngumi, hesabuni polepole hadi tano, achieni. Ikibaki na shimo, baada ya mwaka mtakuwa mnakalia ubao uliovikwa kitambaa. Kwa ndugu zetu wa Tanga na Dar es Salaam ningesema fikirieni mara mbili. Leza, yaani ngozi ya bandia, inanata mgongoni kwa joto, na hewa ya chumvi inakula chuma kuanzia kwenye maungio yaliyochomelewa. Kitambaa nacho kina pindo, na pindo ndiko kunguni wanakojificha. Mtu mmoja akija nao kwenye nguo, kuwatoa kwenye viti mia mbili ni kazi ya mateso.

Jambo moja zaidi ambalo kamati hazilifikirii ni sauti. Sponji inameza sauti. Kwenye kanisa la bati lenye mwangwi mkali hilo ni jema, mahubiri yanasikika vizuri zaidi. Lakini kama kwaya yenu inaimba bila spika, kanisa lililojaa sponji litaipa kwaya kazi ya kupiga kelele. Mbao tupu huirudisha sauti kwa watu.

Vipimo vya mwili wa mtu

Hapa ndipo benchi zuri na baya hutengana, na kwa macho huwezi kuona tofauti.

Kimo cha kukalia kiwe inchi 17, kama sentimita 43. Mafundi wengi huenda 18 au 19 kwa sababu ndivyo mbao zilivyokatika. Kwa mwanamume mrefu ni sawa. Kwa bibi mfupi, inchi 19 zinaacha visigino hewani, ukingo wa ubao unabana mishipa chini ya mapaja, na baada ya saa moja miguu imekufa ganzi. Mtamwona anasogea mbele, anakalia ncha ya benchi, mgongo hauna pa kuegemea. Watu husema bibi amechoka na ibada. Miguu yake ndiyo iliyochoka na benchi.

Kina cha ubao wa kukalia, kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo, kiwe inchi 15 hadi 16. Ukizidisha, mtu mfupi hafiki kwenye egemeo. Ukingo wa mbele uviringwe kwa randa, usiachwe na kona kali. Pitisheni kiganja chini ya ukingo huo: pakikukwaruza wewe, patachana gauni la mtu. Ubao wenyewe uinamie nyuma kidogo, tofauti ya nusu inchi kati ya mbele na nyuma, mtu asiteleze.

Egemeo ndiko mafundi wanakookolea kazi. Benchi lenye egemeo lililosimama wima kama ukuta ni rahisi kuunda, na ndilo linalowafanya watu waegemeze viwiko kwenye benchi la mbele katikati ya mahubiri. Egemeo lilale nyuma inchi 3 kwa kila inchi 18 za urefu wake. Acheni uwazi wa inchi 4 au 5 kati ya ubao wa kukalia na ubao wa egemeo. Uwazi huo una kazi mbili: nyama za makalio zinapata pa kuingia, ndipo kiuno kinagusa egemeo, na fagio linapita. Juu ya egemeo kusizidi inchi 36 kutoka sakafuni, la sivyo watoto hawaoni madhabahu, na mtoto asiyeona hatatulia.

Nyuma ya egemeo wekeni ubao mwembamba wa vitabu, inchi 5 au 6, wenye kizuizi kidogo mbele. Waumini wetu wengi huja na Biblia na kitabu cha nyimbo vyao wenyewe, na msipowapa pa kuviweka wataviweka sakafuni. Chini ya ubao huo, msumari mmoja uliopinda vizuri au kulabu kwa kila watu wawili unatosha kuning'iniza mikoba. Wakati wa masika miavuli ibaki mlangoni kwenye ndoo. Mkiruhusu iingie na maji, vanishi ya miguu ya benchi itatoka mapema.

Ubao wa magoti, kwa wanaouhitaji: inchi 6 hadi 7 kutoka sakafuni, upana inchi 6, sponji ngumu, leza juu. Wa bawaba unaokunjwa ni mzuri kwa sababu watu wanapita, lakini unapoachiwa unapiga sakafu kishindo, na ukisikia mistari kumi ikipiga pamoja baada ya mageuzo ya misa hutasahau. Dawa yake ni kipande cha kandambili kuukuu kilichopigiliwa chini ya kila mguu wa ubao. Kinadumu, na kikichakaa kandambili hazikosekani.

Watoto wa Shule ya Jumapili wasikalie mabenchi ya wakubwa. Inchi 12 kwa wa miaka mitano na sita, inchi 14 kwa wa miaka minane hadi kumi. Mtoto ambaye miguu yake inafika chini hapigi mateke benchi la mbele.

Na anayetumia kiti mwendo? Makanisa mengi humweka mbele kabisa, karibu na kinanda, au nyuma kabisa mlangoni kwenye upepo. Fupisheni mabenchi mawili au matatu katikati ya kanisa, upande wa njia, kwa futi 3. Atakaa pembeni ya mke wake kama watu wengine. Kwenye mistari kadhaa wekeni pia mkono wa kiti mwishoni mwa benchi, imara wa kubeba uzito, ili mzee mwenye magoti mabovu ajiinue mwenyewe. Kwa hili simtozi mteja yeyote bei ya ziada. Mbao yake ni vipande nilivyo navyo tayari.

Mbao

Mninga ni mti wa heshima. Hausinyai sana, randa inapita laini, na rangi yake haihitaji kuongezwa kitu. Ni ghali, na hamna budi kujua umetoka wapi. Mwombeni muuzaji risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kinachotolewa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kanisa lisikalie mti ulioibwa msituni. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro ni mbadala mzuri, una mafuta ndani yake na mchwa hawaupendi.

Wengi wenu mtaishia kwenye paini ya Sao Hill au saiprasi ya West Kilimanjaro, na si jambo la kusikitikia. Paini iliyokauka sawasawa, yenye vifundo vichache, inatoa benchi la kudumu. Mgrevilea wa kihambani, yaani wa shamba la nyumbani, nao una sura nzuri ukipasuliwa vizuri. Waumini huku mlimani hujitolea miti, na baraka hiyo ipokeleweni kwa utaratibu: ulizeni kwanza ofisi ya misitu ya wilaya kuhusu kibali cha kukata, hata kama mti uko kwenye kihamba cha mwenyewe. Mkaratusi mimi sitengenezei benchi. Unajipinda na kupasuka baada ya kazi kukamilika, wakati fundi ameshalipwa.

Onyo kubwa kwa anayetaka kuokoa fedha kwa mbao zilizobaki kwenye paa: mbao zile za kijani zimetiwa dawa, na dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Juu ya kenchi haina shida. Kwenye benchi ambalo mtoto anayeota meno ataling'ata ukingo wake, haifai hata kidogo.

Ukavu ndio uhai wa benchi. Mbao mbichi huunganishwa ikakaa vizuri wiki za mwanzo, kisha inasinyaa, viungo vinalegea, benchi linaanza kulia kila mtu anaposogea. Msikubali neno la "zimekauka hizi". Pangeni mbao kivulini, kati ya moja na nyingine muweke vijiti hewa ipite. Chagueni ubao mmoja, uwekeeni alama, muupime kila wiki kwenye mizani ya duka la mahindi na uzito uandikwe ubavuni kwa penseli. Uzito ukishuka, bado. Uzito ukisimama wiki mbili tatu mfululizo, anzeni kazi. Kwa paini ya inchi moja hiyo ni miezi, wala si siku. Kwa mninga mnene ni zaidi. Kwa hiyo nunueni mbao mapema, hata kabla ya sakafu kumwagwa.

Mbao za sokoni huja futi 12. Benchi la futi 9 linaacha kipande cha futi 3, na futi 3 ndiyo urefu wa ubavu wa benchi kutoka sakafuni hadi juu ya egemeo. Hakuna kinachotupwa. Kamati inayoagiza futi 10 inabaki na vipande vya futi 2 vya kuchomea chai. Benchi la futi 9 liwe na mguu wa kati, la sivyo ubao utalegea katikati baada ya miaka michache. Tena lazima libebeke na vijana wawili, kwa sababu litabebwa. Jirani akifiwa, mabenchi ya kanisa ndiyo ya kwanza kufika nyumbani kwake, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Wanaotaka miguu ya chuma: bomba la mraba la inchi moja na nusu, unene usiopungua milimita 1.5. Tazameni mdomo wa bomba lililokatwa, maana lililopakwa rangi halisemi unene wake. Kiungo kichomelewe pande zote. Fundi anayepiga nukta mbili na kupaka rangi juu anawaachia kazi ya kurudia. Miguu ivalishwe raba, kwa ajili ya vigae na kwa ajili ya masikio.

Benchi moja, ibada nzima

Mwambieni fundi atengeneze moja, mlilipie bei kamili. Lipelekeni kanisani mliweke mstari wa katikati. Jumapili ya kwanza wakae wazee. Ya pili mama wenye watoto wachanga. Ya tatu vijana warefu wa kwaya. Kila kundi likae tangu wimbo wa kwanza hadi mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka uanze nje. Msiulize "benchi zuri?" Kila mtu atasema zuri, kwa heshima ya kamati na ya fundi. Mzee mmoja wa kanisa akae nyuma yao na kutazama. Saa ngapi walianza kusogea? Nani aliegemeza viwiko mbele? Nani alitumia mikono miwili kuinuka? Nani alitoa khanga akaikalia? Akiandika hayo kwenye daftari, kamati ina ripoti inayoweza kuamuliwa.

Kisha rudini kwa fundi mkiwa na marekebisho: punguza kimo nusu inchi, laza egemeo zaidi. Benchi lililorekebishwa na kukubaliwa ndilo kipimo. Wekeni sahihi za mwenyekiti na fundi chini ya kalio lake kwa kalamu ya wino mzito, na libaki kanisani, lisirudi karakanani.

Vanishi ijaribiwe kwenye benchi hilohilo. Wekeni gazeti juu yake, juu ya gazeti tofali, usiku kucha. Asubuhi gazeti likinyanyuka na maandishi yakabaki kwenye benchi, vanishi haijakauka au ni ya bei rahisi, na nguo za Jumapili zitanata vivyo hivyo. Sehemu ya chini isiyoonekana nayo ipakwe, maana bungua, wadudu wanaotoboa mbao, huanzia pale ambapo fundi hakufika na brashi.

Mkataba

Uandikwe, hata kama fundi ni mwana wa usharika. Hasa kama ni mwana wa usharika. Andikeni unene wa mbao *baada ya randa*, kwa sababu inchi moja ya sokoni ikipita kwenye randa inabaki kama robo tatu, na inchi mbili inabaki moja na robo tatu. Ugomvi mwingi ninaoitwa kuusuluhisha unaanzia hapo. Andikeni aina ya mti, skrubu na gundi kwenye viungo badala ya misumari mitupu, vichwa vya skrubu vizamishwe na kuzibwa, vanishi itapakwa mara ngapi. Advansi itoshe mbao tu, na mbao zikishanunuliwa mzione. Kisha mlipe kwa makundi, kila mabenchi kumi yakifika na kulinganishwa na lile la mfano. Fungu la mwisho libaki miezi mitatu. Mbao ikiwa na ubichi, utaonekana ndani ya muda huo.

Majina kwenye mabenchi

Harambee inapoanza, familia zitataka kujitolea benchi zima na jina lao liandikwe. Fedha hiyo pokeeni kwa shukrani. Lakini mimi nimesimama kwenye baraza la wazee kusema, na nitaendelea kusema: jina lisipigwe kwenye benchi. Likipigwa, baada ya muda kuna mahali "pa kina fulani", na mgeni aliyeingia kimya akakaa hapo ataangaliwa hadi ahame. Yakobo aliwaandikia watu kuhusu jambo hilihili katika sura ya 2 ya waraka wake, la tajiri mwenye pete ya dhahabu kupewa mahali pazuri na maskini kuambiwa asimame. Wekeni ubao mmoja ukutani mlangoni wenye majina yote ya waliotoa, aliyetoa benchi na aliyetoa kuku, bila kiasi.

Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono sofa za wageni wa heshima mbele. Viti vya mchungaji na wasaidizi wake madhabahuni ni suala jingine, vina kazi yake. Lakini mkuu wa wilaya akija kwenye uzinduzi, mkalisheni kwenye benchi. Likiwa limepimwa vizuri hatateseka. Na kamati ikijua kwamba mgeni mkubwa atakalia benchi lilelile la bibi wa mstari wa kumi, itapima kwa makini zaidi.

Msikubali pia kila familia ilete benchi la muundo wake. Vimo vikitofautiana, mistari haikai sawa, na lile la juu litazuia macho ya walio nyuma.

Yakishafika

Yapumzike kanisani wiki moja madirisha yakiwa wazi kabla ya kukaliwa, harufu ya vanishi itoke. Kila Januari, wageni wa Krismasi wakisharudi mjini, vijana wapite na bisibisi wakaze skrubu zote, wabadilishe raba zilizokatika, na kupaka vanishi pale palipochubuka kabla ubao haujaanza kunywa maji ya deki. Fundi wa deki aambiwe akamue tambara: maji yanayosimama kwenye miguu ya mbao yanaiozesha kuanzia chini.

Kila benchi lipigwe namba chini ya kalio. Katibu awe na daftari: namba, tarehe, limekwenda kwa nani, nani amelibeba, nani atalirudisha. Likirudi likiwa na matope lioshwe siku hiyohiyo, lipinduliwe, viungo viangaliwe, ndipo namba ikatwe daftarini.